Jina la kwenye kibao na jina la mdomoni: namna ya kuzisoma barabara za Dar es Salaam

Karibu kila barabara kubwa ya Dar es Salaam ina majina mawili: lililoandikwa kwenye kibao, na lile wanaloliita makonda, bodaboda na wazee wa mtaa. Anayejua la kibao peke yake ataulizia Barabara ya Mwai Kibaki, na mtu mzima aliyeipita maisha yake yote atamjibu haifahamu, kwa sababu kwake ile bado ni Old Bagamoyo. Anayejua la mdomoni peke yake ataitafuta Pugu Road kwenye ramani ya simu asiione, kumbe imeshakuwa Barabara ya Nyerere. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutumia majina yote mawili, na unamalizia kwa matembezi ya kama kilomita 3 na ushee, ambayo ndani yake utaisoma historia ya jiji kwenye vibao.

Kwanza, fahamu "mtaa" ni nini

Neno hili ndilo linalowachanganya wageni kuliko jingine lolote. Katikati ya jiji na Kariakoo, mtaa ni njia yenye nyumba pande mbili: Mtaa wa Lumumba, Mtaa wa Kongo. Ukitoka hapo kwenda Tandale, Buguruni au Mbagala, mara nyingi mtaa ni eneo zima la utawala, sehemu ya kata, lenye mwenyekiti wake na ofisi ya serikali ya mtaa. Mtaa wa namna hiyo una njia na vichochoro kadhaa ndani yake. Kwa hiyo ukipewa anwani ya "Mtaa wa Fulani", uliza papo hapo: ni barabara au ni serikali ya mtaa? Usipouliza, unaweza kushuka mahali sahihi kabisa ukabaki na nyumba mia kadhaa za kuchagua.

Anwani rasmi zimerahisisha kazi tangu ilipozinduliwa operesheni ya anwani za makazi na postikodi mwaka 2022. Anwani kamili ina namba ya nyumba, jina la barabara au njia, kata, na postikodi ya tarakimu 5. Postikodi za Dar es Salaam zote zinaanza na 1, na tarakimu ya pili inakuonyesha wilaya: 11 na 12 ni Ilala, 14 Kinondoni, 15 Temeke, 16 Ubungo, 17 Kigamboni. Hiki ni kipimo cha haraka sana. Mtu akikuandikia Mbezi yenye postikodi inayoanza na 14, unajua ni Mbezi Beach, upande wa Barabara ya Bagamoyo. Ikianza na 16, ni Mbezi ya Barabara ya Morogoro, kwenye stendi ya mabasi ya Magufuli. Mbezi hizi mbili zimepishana kwa zaidi ya kilomita 10, na kila siku wapo wanaolipa nauli mara mbili kwa kuambiwa "Mbezi" tupu.

Programu ya NaPA kwenye simu inakusaidia kutafuta anwani hizi. Ukifika kwenye barabara yenyewe, angalia namba za nyumba tatu mfululizo kabla hujaanza kutembea: witiri hukaa upande mmoja na shufwa upande wa pili, na utajua mara moja kama namba zinapanda au zinashuka unakoelekea.

Usichanganye namba ya nyumba na namba ya kiwanja. "Kiwanja Na. 45, Kitalu B" ni namba ya mpimaji wa ardhi. Ilitolewa kufuatana na ramani ya upimaji, si kwa mpangilio wa mtu anayepita barabarani, kwa hiyo kiwanja cha 45 kinaweza kuwa nyuma ya cha 12. Namba hiyo ni ya hati na benki. S.L.P. nayo ni sanduku la posta tu, haisemi nyumba iko wapi.

Vituo ndio anwani za kweli

Kwa shughuli za kila siku, anwani ya Dar es Salaam inaanzia kituo cha daladala. Vituo vingi vilipewa majina na abiria wenyewe, kutokana na kitu kilichokuwa kikionekana dirishani: mti, duka, kiwanda, nyumba ya mtu mashuhuri wa pale. Kitu chenyewe kinaweza kutoweka, jina likabaki. Ndiyo maana usishuke Tangi Bovu ukaanza kutafuta tangi, wala Mwembechai ukahangaika na mwembe.

Majina haya yana aina zake, na ukizijua utakisia mengi bila kuuliza. Yenye "kwa" ni ya mtu: Mtoni kwa Azizi Ali, Mwananyamala kwa Kopa. Yenye "sheli" yanatokana na kituo cha mafuta, kwa sababu jina la kampuni ya Shell liligeuka kuwa jina la vituo vyote vya mafuta nchini. Buguruni Sheli ni mfano. Yenye "mwisho" yalikuwa kikomo cha magari yalipoanza, hata kama leo mji umeendelea kilomita nyingi mbele yake: Temeke Mwisho, Kimara Mwisho. Mengine ni taasisi iliyofupishwa mpaka ikasahaulika. Kituo cha Sayansi kinatokana na Tume ya Sayansi na Teknolojia, Makumbusho ni Kijiji cha Makumbusho, na Faya pale inapokutana Morogoro na Msimbazi ni kikosi cha zimamoto, ingawa kwenye kibao utaona "Fire".

Mengine yamebeba mambo mazito. Mbele ya Mwenge kuna Lugalo, jina la kambi ya jeshi. Lugalo ni mahali Uhehe ambapo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa walikiteketeza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski. Na Kinondoni kuna Biafra, jina lililovuma dunia nzima wakati wa vita vya Nigeria. Tanzania ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968. Konda anapopiga kelele "Biafra, Biafra, kuna kushuka?" anatamka jina la nchi ambayo haipo tena kwenye ramani.

Kuna jozi tatu za majina zinazopoteza watu, na inafaa kuzikariri. Posta Mpya na Posta ya Zamani ni vituo viwili tofauti: cha zamani kipo upande wa baharini, kipya kipo ndani, mbele ya Sanamu ya Askari, ukisema "Posta" tu, dereva ataamua mwenyewe. Feri ipo pande zote mbili za maji, Kivukoni na Kigamboni. Magogoni vilevile ni mtaa wa Ikulu upande wa mjini, na pia ni eneo la Kigamboni ng'ambo.

Kumwelekeza mtu asipotee

Maelekezo mazuri ya Dar yana hatua nne, na mpangilio wake haufai kuvurugwa: gari la kupanda, kituo cha kushuka, upande wa barabara, kisha hatua mia za mwisho. Kosa kubwa lipo kwenye hatua ya tatu. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo abiria anashukia upande wa kushoto wa safari yake. Ukimwambia arudi nyuma kidogo, kushoto na kulia kwake vinageuka. Mwelekezaji anabaki anafikiria mbele ya gari, mwenye kuelekezwa ameshageuka, na hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa kila dakika.

Maelekezo yaliyokamilika yanasikika hivi: "Panda gari la Mwenge, shuka Sayansi. Usivuke barabara. Geuka urudi ulikotoka hatua kama mia, utakuta duka la dawa la kona. Hapo ingia kulia. Nyumba ya tatu, geti la kijani, namba 27." Umeona: anageuka kwanza, halafu ndipo anaambiwa kulia. Tumia alama ambayo haihami. Duka la dawa, msikiti, shule na transfoma ni alama nzuri. Mama lishe, kijiwe cha bodaboda na bango la tangazo si alama za kutegemea, maana saa 12 jioni vinaweza visiwepo.

Ukiwa ndiye unayeuliza, chagua wa kumuuliza. Bodaboda anajua vituo na vijiwe, lakini majina ya vibao yanamsumbua. Muuza duka wa siku nyingi anajua majina ya zamani. Mjumbe wa shina au ofisi ya serikali ya mtaa anamjua mtu kwa jina lake, na huko uswahilini hiyo ndiyo njia ya uhakika kuliko ramani. Salimia kwanza: shikamoo kwa mzee, habari za kazi kwa kijana. Anayeanza na "samahani, hivi hapa wapi?" bila salamu hupata jibu fupi.

Soma tarehe kwenye jina

Jina la mtu kwenye kibao linakupa mwaka ambao jina lenyewe haliwezi kuwa limeanza kabla yake. Patrice Lumumba alijulikana duniani mwaka 1960 na kuuawa Januari 1961. Mtaa wa Lumumba basi uliitwa hivyo baadaye. Kabla ya hapo ulikuwa New Street, na pale New Street ndipo ilipozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Ukisoma kumbukumbu ya miaka ya 1950 inayotaja New Street, unajua usimame wapi leo.

Angalizo: jina likiwa jipya haimaanishi barabara ni mpya. Barabara nyingi za katikati ya jiji ni za kabla ya uhuru, zimebadilishiwa kibao tu. Haya ndiyo mabadiliko yanayofaa kukaa kichwani: Independence Avenue ni Samora, Kichwele ni Uhuru, Pugu Road ni Nyerere, Port Access ni Mandela, Old Bagamoyo ni Mwai Kibaki, na Ocean Road iliitwa Barack Obama mwaka 2013, rais huyo wa Marekani alipotembelea nchi.

Mandela, Sam Nujoma, Samora, Luthuli: hawa hawakuokotwa hovyo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi ilipofungwa 1994, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliishi na kufanya kazi katika jiji hili. Ni miji michache ya Afrika inayoweza kukuonyesha jambo hilo kwa kusoma vibao vyake tu.

Matembezi: Kivukoni hadi Kariakoo

Anza Kivukoni saa 1 asubuhi, Jumamosi ikiwezekana: jua bado halijawa kali, ofisi nyingi zimefungwa, na Kariakoo iko hai. Jumapili maduka mengi hayafunguliwi. Vaa viatu vilivyofunika vidole, beba maji nusu lita, na weka simu mfuko wa mbele. Usipige picha Ikulu, bandari, kivuko wala askari. Unaweza kusimamishwa na kupotezewa asubuhi nzima.

Kutoka Feri fuata Kivukoni Front, bahari ikiwa kushoto kwako. Endelea mpaka Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara na paa jekundu, ambalo ujenzi wake ulianza 1898. Mbele yake barabara ya baharini inaendelea kwa jina la Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 1984. Usiifuate yote. Ingia kulia Mtaa wa Azikiwe, ambao ramani nyingine na watu wengi bado huuita Maktaba, upandishe hadi Barabara ya Samora.

Hapo kwenye mzunguko utamkuta Askari wa shaba. Simama ukingoni, usivuke kwenda katikati mpaka magari yaishe, maana yanatoka pande nne. Mtazame vizuri: ameinama kidogo mbele, bunduki mikononi, na bayoneti imeelekea bandarini. Ukipotea mjini, mrudie yeye. Kufuata ncha ya bayoneti kutakufikisha baharini. Sanamu hii ilizinduliwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Kabla yake palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda na gavana wa Kijerumani aliyevunja upinzani wa watu wa pwani. Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji 1916. Pahali pamoja, tawala mbili, na kila utawala na sanamu yake.

Barabara uliyosimama juu yake nayo imebadilika mara tatu. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Waingereza wakatafsiri tu: Acacia Avenue. Uhuru ulipokuja ikawa Independence Avenue, kisha Samora, kwa heshima ya Samora Machel wa Msumbiji.

Pinda kushoto uifuate Samora. Utapita mitaa midogo inayokatiza. Angalau kibao kimoja katika eneo hili kinafaa kutafutwa, nacho ni cha Makunganya. Hassan bin Omari Makunganya aliwapinga Wajerumani Kilwa, nao wakamnyonga mwaka 1895. Ukikatiza Barabara ya Morogoro, tazama kushoto: barabara hii inayofika bara mbali inaanzia pale chini baharini, kwenye Boma la Kale la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanzisha mji huu katika miaka ya 1860.

Mwisho wa Samora kuna Mnara wa Saa. Ulijengwa 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kupandishwa hadhi kuwa jiji. Hapa watu hukosea njia, kwa sababu barabara kadhaa zinakutana na zote zinaonekana kuelekea Kariakoo. Uchukue Mtaa wa Uhuru. Utajua umepatia ukianza kuona maduka ya khanga na vitenge, doti zimetundikwa mlangoni kutoka juu hadi chini.

Ukivuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed unafika Mnazi Mmoja. Usipite haraka. Uwanja huu haukuachwa wazi kwa ajili ya kupunga upepo. Mipango miji ya wakoloni iligawa mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na makazi ya Waafrika, na Mnazi Mmoja ulikuwa ukanda wa wazi wa kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Simama katikati uangalie nyuma, kisha mbele. Nyuma mitaa imebanana, majengo yake ni ya ghorofa za tangu zamani. Mbele mitaa imenyooka kama daftari la hesabu, kwa sababu Kariakoo ilipimwa yote kwa mistari mirefu inayokatana. Ukitembea Kariakoo hesabu mitaa unayoikatiza, usifuate mwelekeo wa macho, kwa kuwa kila kona inafanana na nyingine.

Jina Kariakoo lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi hapa wakati wa Vita vya Kwanza. Sasa soma vibao vya mitaa: Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa. Ni majina ya mapigano ya kusini mwa nchi: Narung'ombe Julai 1917, Tandamti Agosti, Mahiwa Oktoba mwaka uleule. Wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita hivyo, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Leo ukiambiwa "nenda Narung'ombe na Kongo" unaelekezwa dukani. Tunaona ni haki kila anayenunua hapo ajue majina hayo yametoka wapi. Mtaa wa Aggrey, uliojaa simu na vifaa vyake, ni wa James Aggrey, mwalimu wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyefika Tanganyika 1924.

Fuata Uhuru mpaka Mtaa wa Msimbazi, kisha pinda kulia. Soko Kuu, jengo la zege lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, liko upande wako wa kulia, mitaa michache ndani. Liliungua Julai 2021. Katika Msimbazi usitembee kwenye njia ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, hata kama umeona wengine wanafanya hivyo: basi linakuja kimya, na bodaboda anaweza kutokea upande usioutarajia. Tazama pande zote mbili kila unapovuka, hata kwenye njia ya upande mmoja.

Kurudi, panda mwendokasi kituo cha Msimbazi au Gerezani. Soma kibao cha mbele cha basi kabla ya kuingia, maana mabasi ya Kimara, Morocco na Kivukoni yanapita njia moja mpaka Faya, kisha yanaachana.